Karoti haikubali kuharakishwa

Katika sekta ya Rwezamenyo, wilayani Nyarugenge, jirani na Nyamirambo, nyumba zimebanana hata pa kuanika nguo hutafutwa. Lakini mwenye kauchochoro kando ya ukuta anaweza kuwa na akarima k'igikoni, bustani ya jikoni ambayo serikali ya Rwanda imeihimiza kwa miaka mingi ili kupambana na utapiamlo. Udongo hupandishwa ngazi kwa ngazi, ukashikiliwa kwa mawe au vigingi; maji humwagwa juu, yakashuka taratibu hadi chini. Asiye na kauchochoro hupanda kwenye gunia.

Bustani hiyo inastahili nafasi katika mafundisho ya Kikristo, na ipewe nafasi hiyo kwa jembe, si kwa mahubiri peke yake. Muumini wa mjini huahidiwa muujiza wa leo hii: kazi, visa, uponyaji. Subira hukumbukwa msibani.

Karoti hufundisha vingine. Mbegu yake huweza kukaa ardhini wiki mbili na zaidi kabla ya kuchomoza, kisha mizizi yahitaji miezi mitatu hivi kunenepa. Haipendi kuhamishwa kutoka kitaluni. Ikihamishwa hupinda au hugawanyika. Mtoto anayeifukua kila asubuhi kuona kama imeota huiua kwa hamu yake mwenyewe. Mwalimu wa shule ya Jumapili atafute somo gani jingine la imani?

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, kuna mtini ambao haujazaa kwa miaka mitatu. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, na papo hapo anasema atakachofanya: atalima kuuzunguka na kutia samadi. Mfano huo husomwa mara nyingi kama tishio, ilhali kiini chake kipo mikononi mwa yule mtunzaji. Subira yake ina jasho. Tena Yesu anaishia hapo, bila kueleza kama mti ulizaa.

Wangari Maathai, aliyelelewa katika shule za Kikatoliki, aliijua subira ya namna hiyo. Mwezi Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba Kamukunji, Nairobi. Mingi kati ya hiyo ilikufa. Hata hivyo, kufikia mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, harakati yake ilihesabiwa kuwa imepanda miti milioni 30.

Kuna pingamizi la haki hapa: mwenye njaa halishwi subira. Uchunguzi wa afya ya jamii nchini Rwanda ulionyesha kuwa mwaka 2010 watoto 44 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Uchunguzi wa 2019 na 2020 ulikuta 33. Juhudi nyingi zimechangia, bustani ikiwa mojawapo tu, na watoto 33 bado ni wengi mno. Kanisa likisema habari ya kungoja bila kusema habari ya mboga, linawakosea watoto hao. Ndiyo maana kwenye akarima kamoja hupandwa pia dodo, yaani mchicha, unaochumwa baada ya wiki chache, wakati karoti ikiendelea na safari yake ardhini.

Mvua za Umuhindo huanza Septemba. Parokia au kanisa lenye ua, hata wa kokoto, lingeweza kuanza hapo: kuondoa kokoto, kuchanganya mboji na samadi iliyooza vizuri, kutandaza majani makavu udongo usikauke, na kuwakabidhi watoto ngazi moja moja. Wakubwa wao wapewe kazi ya kupunguza miche ya karoti. Kung'oa mche wenye afya ili jirani yake apate nafasi huwashangaza watoto, na mwalimu aje tayari kwa maswali.