Mawe ya Duqm: Tulale au Turudi?



Vijana wetu wameomba mwaka huu familia zikatazame bustani ya mawe ya Duqm, na wazo lao ni zuri. Tunabishana jambo moja tu: wao wanataka tuondoke Maskati alfajiri na kurudi usiku huo huo. Mimi nasema tulale huko, na sababu zangu ni tatu.

Kwanza, Duqm ni mbali. Ni kiasi cha kilomita 550; kwenda na kurudi ni 1,100. Mwenye kushika usukani atarudi kachoka, tena gizani, na njia za Wusta ngamia huzivuka apendapo. Gari likimgonga, miguu huvunjika na mwili wote humjia dereva kiooni.

Pili, mawe yenyewe hayataki haraka. Yameenea kiasi cha kilomita 3 za mraba, ni mawe ya chokaa na ya mchanga yenye umri wa miaka karibu milioni 46. Upepo na maji yameyachonga mpaka mengine yamekuwa kama uyoga, na mengine utadhani ni wanyama. Wakati wake ni asubuhi mapema au baada ya alasiri, vivuli vinaporefuka na maumbo yakajitokeza. Atakayefika saa sita mchana na kuondoka saa nane atarudi na maumivu ya kichwa tu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni wazee. Bibi zetu waliozaliwa Unguja na Pemba nao wanataka kwenda. Safari ya siku moja maana yake ni kuwaacha nyumbani, hali wao ndio wa kuwasimulia wajukuu kuwa nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yaliyotoka baharini. Na njiani, tukipita Fanja na bonde la Samail, watoto waonyeshwe ile milima myeusi: nayo ilizaliwa chini ya bahari miaka kiasi cha milioni 95 iliyopita, kisha ikasukumwa juu ya nchi kavu. Wataalamu hutoka ng'ambo kuja kuitazama, na sisi twaipita kila tukienda Nizwa bila ya kugeuza shingo.

Basi napendekeza siku mbili, baina ya Novemba na Februari. Tujaze petroli Sinaw, tuchukue maji ya kutosha, tufike kabla ya magharibi. Ikitangazwa mvua, tuahirishe, wala tusivuke wadi lenye maji hata kwa gari kubwa. Aprili 2024, huko Samad al-Shan, upande wa Sharqiyah, mafuriko yalichukua watoto wa skuli. Msiba ule haujatutoka.

Tukifika, tusichonge majina juu ya mawe, wala tusibebe vipande.

Wanaotaka siku moja nao walete hoja zao kikaoni, tusikilizane. Lakini kabla ya kupiga kura, kila mmoja amuulize kwanza bibi yake.