Gari la mgeni wa heshima lilitufunza Fizikia

Wahenga walinena kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Methali hii niliikariri nikiwa mtoto wa shule ya msingi, nikaiandika katika insha zangu bila kufikiri, na huenda ningezeeka bila kuifahamu lau si kisa kilichotokea miaka michache iliyopita katika shule moja ya upili nilikokuwa nikifundisha Fizikia na Hisabati.

Ilikuwa siku ya kuwatuza wanafunzi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na barabara ya udongo mwekundu inayopanda hadi langoni mwa shule ilikuwa matope matupu. Basi la shule jirani lilikwama nusu ya mlima. Gari la mwalimu mkuu nalo lilizungusha magurudumu mahali pamoja hadi wavulana wa kidato cha nne wakavua viatu na kulisukuma. Kisha akaja mgeni wa heshima, mwanafunzi wa zamani aliyefanikiwa katika biashara. Gari lake halikuwa lile jitu refu la kwendea mbugani, bali lilikuwa gari dogo la kifahari, la milango minne, lililoinama karibu na ardhi, lenye injini ya silinda sita na linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Sitalitaja jina, kwa kuwa kosa nitakalolisimulia halikuwa la gari.

Lilipanda mlima ule kana kwamba limo kwenye lami. Wanafunzi waliokuwa wamejipanga kumlaki mgeni walivunja mistari na kulizunguka. Ukumbi ukabaki na wazazi wachache na kikombe cha mwanafunzi bora wa Hisabati ambacho hakuna aliyekijali. Nasi walimu, nakiri, hatukuwa nyuma.

Hapo ndipo kijana mmoja wa kidato cha pili aliponijia na kuniuliza, "Mwalimu, mbona hili limepanda na la mwalimu mkuu limeshindwa, ilhali yote yana magurudumu manne?"

Nilimjibu, "Hili lina injini kubwa. Lina nguvu zaidi." Akaridhika, akaenda zake.

Ndugu msomaji, jibu hilo halikuwa la kweli. Gari la mwalimu mkuu halikukosa nguvu. Kama lingekosa nguvu, injini ingezimika. Lakini magurudumu yake yalizunguka kwa kasi huku yakiwarushia wavulana matope usoni. Kilichokosekana kilikuwa msuguano, somo ambalo nilikuwa nimelifundisha kwa miaka mingi, kwa Kiingereza, ubaoni, pamoja na kanuni zake zote. Kanuni nilizijua kwa moyo. Maana yake ilikuwa imeegeshwa mbele yangu na sikuitambua.

Jioni, mgeni aliaga. Alishuka mlima ule ule kwa mwendo ambao dereva mwingine yeyote asingethubutu siku ile. Kwenye kona ya chini alikanyaga breki. Gari halikusimama. Liliteleza moja kwa moja, likaipita kona na kutumbukia mtaroni, hatua chache kutoka kwa wasichana wawili waliokuwa wakienda nyumbani na zawadi zao mikononi. Hakuna aliyeumia. Tulipomfikia, mgeni alikuwa ametoka garini akitetemeka, na neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Nilidhani gari hili haliwezi kuteleza."

Maneno hayo yalinichoma kuliko ajali yenyewe. Mtu huyu alipita katika madarasa yetu. Aliketi katika somo la Fizikia na kuufaulu mtihani. Ni nani basi aliyemwacha aamini jambo hilo?

Hebu tulifanye leo somo ambalo nililikwepa siku ile. Gurudumu halishiki ardhi kwa ukubwa wa injini, bali kwa uzani unaolikalia na kwa hali ya ardhi yenyewe. Tuseme matope yale yaliruhusu kila gurudumu kushika ardhi kwa nguvu isiyozidi sehemu moja ya tano ya uzani uliolikalia. Gari linaloendeshwa na magurudumu mawili hutumia takriban nusu ya uzani wake kujisukuma. Nusu ya pili ni mzigo tu. Kwa hiyo litaweza kupanda mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 10 za mlalo, wala halitazidi hapo. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne hutumia uzani wake wote, na hivyo litapanda mlima unaoinuka mita 2 kwa kila mita 10. Huo ndio muujiza wote tulioushangilia.

Sasa tugeuke tushuke. Breki za magari yote, la mgeni na la mwalimu mkuu, zimo katika magurudumu yote manne. Katika kusimama, basi, gari la kifahari halina cha ziada cha kujivunia. Kwenye lami kavu iliyo tambarare, gari lililo katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa husimama kwa takriban mita 9 tangu breki zishike. Kwenye matope yetu yaliyo tambarare litahitaji zaidi ya mita 30. Likiwa linashuka ule mlima wa mita 1 kwa 10, litahitaji zaidi ya mita 60. Na likiwa linashuka mlima wa mita 2 kwa 10, ule ambao gari la mgeni pekee lingeweza kuupanda, halitasimama kamwe! Uzani unaolivuta chini utakuwa umelingana na msuguano wote uliopo. Hata vile vifaa vya kisasa vinavyozuia magurudumu yasifungike breki zinapokanyagwa haviwezi kuumba msuguano ambao haupo.

Wahenga hawakuwa na darasa la Fizikia, lakini walilijua hilo. Mchongoma ule ule unaokuruhusu kuupanda ndio unaokungoja wakati wa kushuka.

Nisieleweke vibaya. Simo miongoni mwa wale wanaodai kuwa gari zuri ni anasa ya kulaaniwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na gari la namna ile ni kazi ya akili pevu. Chukua BMW 325iX iliyoonyeshwa mjini Frankfurt mwaka 1985. Injini yake ilikuwa na silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, zenye ujazo wa sentimita mchemraba 2,494, na nguvu za farasi 171. Katika mpangilio huo mlipuko hutokea kila mhimili wa injini unapozunguka nyuzi 120, na misukumo ya pistoni hufutana yenyewe kwa yenyewe, hivyo kwamba injini hunguruma bila kutikisika. Waliolibuni waligawa nguvu hiyo asilimia 37 kwa magurudumu ya mbele na asilimia 63 kwa ya nyuma. Hakuna tarakimu hata moja kati ya hizo iliyopatikana kwa bahati. Kila moja ilitoka katika hesabu, na hesabu hizo msingi wake ni zile zile tunazozifundisha katika shule za upili.

Wenye hekima zaidi walikumbuka na kushuka. Harry Ferguson, yule yule ambaye jina lake tunaliona katika matrekta ya Massey Ferguson mashambani mwetu, alianzisha huko Uingereza utafiti wa magari ya kawaida yanayoendeshwa na magurudumu manne. Tunda mojawapo la utafiti huo lilikuwa Jensen FF ya mwaka 1966. Gari hilo halikupewa uwezo wa kwenda peke yake. Lilipewa pia breki zinazozuia magurudumu yasifungike. Waundaji wake walitambua kwamba kumpa mtu uwezo wa kwenda bila kumkumbusha kusimama ni kumchimbia kaburi.

Na sisi Wakenya tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini kwamba gari humtosha dereva. Safari Rally imepita mbele ya macho yetu tangu mwaka 1953. Shekhar Mehta alishinda mara tano, mara ya kwanza mwaka 1973 kwa Datsun 240Z ya silinda sita, na magari yake yote matano yaliendeshwa na magurudumu ya nyuma. Audi Quattro yenye magurudumu manne yaendeshayo ilipokuja, wengi walidhani mambo yamekwisha. Lakini mwaka 1983 Ari Vatanen aliishinda kwa Opel Ascona 400, na kutoka 1984 hadi 1986 ushindi ukaenda kwa Toyota Celica. Magari hayo yote yaliendeshwa na magurudumu mawili ya nyuma. Audi ilingoja hadi mwaka 1987, Hannu Mikkola alipoibuka wa kwanza katika Audi 200 quattro. Udongo wetu haukusoma majina yaliyobandikwa kwenye magari. Uliwapima walioyaendesha na walioyatengeneza.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) zinaonyesha kwamba kila mwaka, kuanzia 2021 hadi 2024, barabara zetu ziliua zaidi ya watu 4,000. Sisemi kwamba wote waliangamizwa na ujinga wa Fizikia. Pombe ipo, uchovu upo, magari mabovu yapo na barabara mbovu zipo. Lakini dereva asiyejua kwamba akizidisha kasi yake mara mbili atahitaji nafasi ya kusimama mara nne, huyo anaendesha kwa imani, na imani haijawahi kulisimamisha gari.

Walimu wenzangu watasema kwamba mtaala ni mrefu, maabara hazina vifaa na mtihani hautungoji. Yote ni kweli. Hata hivyo Jumatatu iliyofuata niliingia darasani na ubao mmoja, tofali, kamba na mkebe wa maji ya sabuni. Tuliinua ubao hadi tofali likateleza, tukapima mwinuko. Tukaumwagia maji ya sabuni, tukapima tena. Kisha nilimwita yule kijana mbele ya wenzake, nikamwambia kwamba nilimdanganya siku ya tuzo, nikamweleza ukweli kwa Kiswahili, hatua kwa hatua. Vifaa vyote havikugharimu hata nauli ya matatu. Kwa muda wote niliofundisha pale, sikuwahi kuona darasa likinyamaza namna ile.

Nanyi wanafunzi, nawaomba jambo moja. Mgeni mwingine atakuja, na gari lake litang'aa kuliko lile. Lizungukeni, litazameni, litamanini mkitaka. Lakini msiulize tu limegharimu shilingi ngapi au linakwenda kasi gani. Ulizeni linashikaje ardhi, linasimamaje na limeundwaje. Mwalimu wenu akiwajibu kwa mkato kama nilivyojibu mimi, msiridhike, mwulizeni tena.

Nasi walimu tujiandae kwa swali hilo kabla halijaulizwa. Wasichana wale wawili walifika nyumbani na zawadi zao kwa sababu gari liliangukia upande wa mtaro badala ya upande wa njia ya miguu. Hiyo ilikuwa bahati, na bahati si mtaala.