Mvinyo mwekundu hauongezi damu

Tulikuwa kwenye gari la abiria linalopanda kutoka Muheza kwenda Amani, watoto wamebanana dirishani wakihesabu mito, dada yangu aliponiambia jambo lililonifanya nisahau mandhari yote.

Alikuwa na ujauzito wa miezi sita. Wiki mbili kabla ya safari, kliniki walimpima wakamwambia damu yake ni 9.2. Nilipomuuliza anaendeleaje na vidonge, akacheka.

"Vile vidonge vinanitia kichefuchefu, nimeviacha. Ila usiwe na wasiwasi, nakunywa glasi moja ya mvinyo mwekundu kila usiku. Jirani yangu ndiye aliyeniambia, unaongeza damu. Mwenyewe alikunywa na akajifungua salama."

Mimi ndiye ninayeandika ukurasa huu wa afya. Dada yangu wa tumbo moja hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kumuuliza anakunywa nini jioni.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuonja. Wenye uwezo hupanda ndege hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, au Bordeaux, Ufaransa. Hutembezwa kwenye mashamba ya zabibu, huonyeshwa mapipa, kisha huwekewa glasi tano au sita waonje na kulinganisha. Hapa nyumbani, Dodoma ina mashamba ya zabibu maeneo ya Hombolo na Makutupora, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Sisi wa Tanga tulichagua Amani. Ni karibu, na nilitaka safari ambayo watoto wataonja kila kitu. Amani ni mahali pazuri kwa hilo. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902, wakaleta mimea kutoka pande nyingi za dunia kuijaribu. Hadi leo, kwenye milima hiyo ya Usambara Mashariki utakuta chai, hiliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha chai. Watoto walimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akawaweka kwenye mkeka na kuanza somo.

Alipanga vikombe vitatu vya chai ya rangi isiyo na sukari. Cha kwanza majani yamekaa dakika mbili, cha pili sita, cha tatu muda mrefu zaidi. Kisha akachota kijiko, akaivuta chai kwa kishindo, sruuup! Akaizungusha mdomoni, akaitema kwenye ndoo. Watoto walifurahi mno. Nyumbani wakinywa hivyo wanagombezwa.

"Muonjaji akimeza vikombe vyote vya siku nzima atalala saa ngapi?" alituuliza.

Waonjaji wa mvinyo nao hufanya vivyo hivyo. Wanatazama rangi, wananusa, wanavuta kidogo, wanazungusha mdomoni, wanatema. Anayeifanya kazi hiyo kwa dhati hamezi.

Mtoto mkubwa wa dada, ana miaka saba, alikunja uso kwenye kikombe cha tatu. "Babu, hii inakwaruza ulimi." Mzee akampongeza. Ule ukakasi unatokana na tanini, akasema, na kadiri majani yanavyokaa ndivyo unavyozidi.

Hapo nikamgeukia dada. Ukakasi huo huo ndio unaousikia kwenye mvinyo mwekundu, kwa sababu nao una tanini inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Tanini na viambato vya jamii yake hushikamana na madini ya chuma yaliyo kwenye maharage, mboga za majani na nafaka, na kuyazuia yasiingie vizuri mwilini. Chuma ndicho mwili unachotumia kutengeneza damu. Kwa hiyo chai nzito au mvinyo pamoja na chakula ni kuupunguzia mwili kile unachokihitaji.

Vipi kuhusu rangi? Wekundu wa mvinyo unatoka kwenye maganda ya zabibu. Hauna uhusiano wowote na damu. Chuma kilichomo kwenye glasi moja ni kidogo sana, hakiwezi kumtibu mjamzito mwenye upungufu.

Hilo bado ni dogo. Kubwa zaidi ni pombe yenyewe. Inapita kutoka kwenye damu ya mama, kupitia kondo la nyuma, hadi kwa mtoto tumboni, ambaye ini lake halijakomaa kuishughulikia. Inaweza kusababisha mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, au kuzaliwa na matatizo ya ubongo yatakayomsumbua katika kujifunza na kutulia maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama wakati wa ujauzito. Jirani aliyejifungua salama alibahatika, na bahati haiandikwi kwenye kadi ya kliniki.

Najua wasomaji wengi wa Tanga hawagusi pombe kwa sababu ya imani yao. Lakini hata katika nyumba hizo nimesikia watu wakisema "ile ni dawa tu". Haijawa dawa kwa kuitwa dawa.

Mchana ule ule tulipata mtihani wa pili. Jirani wa mzee alipita na kibuyu cha boha, pombe ya miwa inayopikwa milimani huko. Kwa ukarimu kabisa akamsogezea kikombe yule mtoto wa miaka saba. "Aonje kidogo, awe mwanaume."

Kukataa mbele ya wazee si rahisi. Dada alikwama. Aliyetuokoa ni mwenyeji wetu. "Mpe muwa autafune. Huo ndio boha ya watoto." Watu wakacheka, muwa ukamenywa, hakuna aliyeona amedharauliwa. Kumbuka mbinu hiyo: badala ya kukataa tu, omba kitu kingine.

Ubongo wa mtoto unaendelea kukua hadi anapofikia miaka ya ishirini na kitu, na anayeanza pombe mapema yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuwa mtumwa wa pombe baadaye. Hata Ufaransa, nchi ya mvinyo, watoto walikuwa wakipewa mvinyo kwenye chakula cha shule hadi mwaka 1956, serikali ilipopiga marufuku kwa walio chini ya miaka 14. Miaka ya 1970, mtaalamu wa mvinyo Jacques Puisais alianzisha madarasa ya kuonja kwa wanafunzi wa huko. Aliwafundisha kutofautisha utamu, uchachu, uchungu na chumvi kwa kutumia vyakula vya kawaida. Kama bingwa wa mvinyo aliweza kufundisha ulimi wa mtoto bila mvinyo, sisi tunashindwaje, na hiliki na mdalasini tunazo?

Turudi kwenye damu. Mjamzito anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya 11. Nchini kwetu, utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu, na wanawake takriban wanne katika kila kumi. Kwa hiyo jambo hili liko karibu na kila nyumba. Haya ndiyo niliyomwambia dada, nawe nakuambia.

Usiache vidonge vya chuma na foliki asidi vya kliniki kimyakimya. Vikikutia kichefuchefu, meza pamoja na chakula au wakati wa kulala, kisha mwambie muuguzi. Choo kuwa cheusi ni kawaida.

Usimeze vidonge kwa chai. Kunywa chai angalau saa moja kabla au baada ya kula.

Kula chungwa pamoja na maharage au mchicha wako. Vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini, na Muheza machungwa hayana shida.

Weka dagaa, nyama au samaki kwenye sahani kila unapoweza.

Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe chai. Na ukienda safari ya kuonja, wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyomlegeza mwili hadi ashindwe kupumua.

Ukiona kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kuishiwa pumzi au viganja vyeupe, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Tuliporudi tulisimama Muheza tukanunua machungwa kiroba kizima. Dada akarudi kliniki Jumatatu, akawaeleza ukweli wote, pamoja na ule wa glasi ya usiku. Hawakumfokea. Walimbadilishia muda wa kumeza vidonge na kumpangia tarehe ya kupimwa tena. Baada ya wiki nne damu ilikuwa 10.3. Bado haijafika, lakini inapanda.

Chupa iliyobaki alimpelekea jirani yake, wakakaa wakazungumza. Jirani naye alikuwa ameambiwa na mtu mwingine.

Jioni ya leo, kama una mjamzito nyumbani, muulize mambo mawili: damu yako ngapi, na unakunywa nini? Mimi nilichelewa miezi sita kuuliza.