Intaneti imerudi, lakini hatusemi aksanti



Wakati rezo ilirudi, kila mutu aliandika kwenye simu yake: "Aksanti Mungu, tuko tena pamoja." Tunawaelewa, na sisi tulifurahi. Lakini mwizi akikurudishia simu yako kisha siku 20, unamushukuru? Unamuuliza kwanza: nani alikupa ruhusa ya kuichukua?

Walikata tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi. Walirudisha ile wikendi Korti ya Katiba ilithibitisha matokeo. Kati ya hizo tarehe mbili, inchi nzima ilingoja ndani ya giza. Barnabé Kikaya, mushauri wa raisi Kabila, alisema wazi kwamba walikata intaneti na SMS ju matokeo ya uongo yalikuwa yanatembea kwenye rezo, na hayo yangeleta fujo.

Sawa. Tuchukue hiyo sababu, tuiangalie vizuri.

Matokeo ya kila biro ya kura yanapaswa kubandikwa inje, kila mutu asome. Shahidi wa Ndosho anapiga foto ya PV yake, wa Kadutu anapiga ya kwake, wa Kisangani vilevile, tunaziweka pamoja, tunahesabu. Hiyo njo dawa ya uongo. Na hiyo njo yenyewe walikata. Maaskofu wa CENCO walikuwa na watazamaji karibu 40.000, na tarehe 3 Januari walisema wanajua nani alishinda. Raia yeye hakuwa na njia ya kulinganisha kitu na kitu. Mpaka leo CENI haijaonyesha matokeo biro kwa biro. Kama ni uongo ulikuwa unawaogopesha, basi watoe PV zote, uongo utakufa siku moja.

Na fujo je? Hizo wiki tatu, ni nani hapa Goma hakusikia kila asubuhi habari mpya isiyo na kichwa wala miguu? RFI nayo ilikatwa. Mutu akikosa habari ya kweli, anakula ile motari anamupatia njiani.

Sisi wa Goma tulikuwa na bahati ya aibu: tuko kwenye mupaka. Wenye makuta kidogo walivuka Petite Barrière, wakanunua kadi ya sim ya Rwanda, wengine wakatafuta pembeni ya mupaka mahali rezo ya jirani inafika. Wa Uvira waliangalia upande wa Bujumbura. Lakini mama wa Kananga, kijana wa Kindu, walienda wapi? Mukongomani kuomba inchi ingine imupe njia ya kuongea na ndugu yake wa Kinshasa! Na wakubwa wenyewe wanajiita walinzi wa heshima ya taifa.

Ndugu zetu wa Beni na Butembo ndio walipigwa mara mbili. Kura walinyimwa tarehe 30, waliambiwa wangoje Machi ju ya Ebola na usalama. Lakini kukatiwa intaneti hawakusahauliwa. Ebola ilikuwa kwao tangu Agosti 2018, watu walikuwa wanaogopa, wanauliza, wanadanganywa, na Leta ilichagua wakati huo kuzima mahali walikuwa wanauliza.

Tusijifanye kama ni mara ya kwanza. Desemba 2011 walikata SMS karibu mwezi muzima, mpaka viziwi wa Kinshasa wakalia ju SMS njo simu yao. Januari 2015, wakati vijana walikataa sheria ya uchaguzi. Desemba 2016, wakati mandati ya Kabila ilifika mwisho. Tarehe 31 Desemba 2017, wakati Wakristu waliandamana. Kila mara sababu ni usalama, na kila mara tarehe ni ile ya siasa.

Kuna kitu kingine watu hawakuona vizuri. Walikata intaneti, wakakata SMS, wakatuachia sauti. Sababu ya nini sauti? Ujumbe wa WhatsApp unafungwa na kufuli, mutu wa katikati hawezi kuusoma. Simu ya kawaida inapita wazi kwa kompani, na mwenye kompani anamuogopa anaweza kuisikiliza. Hatuna ushahidi kwamba walisikiliza. Lakini walitusukuma wote kwenye mulango mumoja, wenye ufunguo wake hauko mukononi mwetu. Wakati Katiba, mashariti ya 31, inatupatia siri ya mawasiliano yetu!

Sasa ile ruhusa. Ilikuwa kwenye sheria ya mawasiliano ya tarehe 16 Oktoba 2002, mashariti ya 46. Ilisema Leta inaweza, ju ya usalama ao ulinzi wa inchi, kukataza matumizi ya mawasiliano, yote ao nusu, kwa muda wenye Leta yenyewe itachagua. Juji hakukuwa. Kikomo hakukuwa. Kutuambia sababu, hakukuwa. Ilikuwa sheria ya wakati wa vita, ilizaliwa mbele ya Katiba ya 2006, na njo ilitutawala mpaka 2020.

Huko Zimbabwe walikata pia mwezi wa Januari 2019. Watu walienda tribinali, na tarehe 21 Januari juji wa Harare akasema waziri mwenye alitoa amri hakuwa na uwezo wa kuitoa. Juji hakusema kukata ni kosa kila mara. Alisema tu: si wewe. Hata hiyo kidogo, wakati ule sisi hatukuipata.

Raisi mupya wa wakati ule aliapa tarehe 24 Januari 2019. Chama chake kilikuwa na sisi barabarani, kilikatiwa rezo sawa na sisi, kwa hiyo hatutamupa muda wa kusahau. Tulitaka mashariti ya 46 ifutwe, na kama kuna siku kweli inapaswa kukata, juji aamue, kwa masaa yenye kuhesabiwa, na barua itangazwe. Makampuni ya simu yatoe amri zote yalipokea tangu 2011. Na yarudishe makuta ya forfait zenye zilikufa wakati wamezima.

Kwa hiyo usifute kitu. Ile SMS ya kukuambia umenunua mega za mwezi tarehe 28 ao 29 Desemba, piga foto yake. Andika tarehe, andika bei, ulete kwa ndugu wetu wa kartie yako. Waavoka wetu wanaomba zikuwe nyingi.