Saa Yenye Masikio: Mtoto Aambiwe!

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi kingawa kidonda. Methali hii naiona ikitimia mtaani kwetu tangu watoto wa shule za msingi walipoanza kuvaa saa za kisasa. Saa hizi, wasomaji wapenzi, si zile za babu zetu za kutiwa ufunguo. Ndani yake mna laini ya simu na maikrofoni ndogo, tena hupokea ishara za satelaiti ili mvaaji ajulikane yuko wapi.

Ukitaka kujua watoto wanazionaje, mpe mmoja aivae kisha utege sikio. Hakuna anayeuliza ni saa ngapi! Atauliza, "Ina gemu?" "Inapiga picha?" "Naweza kumpigia mama?" Dada yangu mdogo wa miaka minane alipoletewa yake na mjomba, alikuwa akiiamkia asubuhi na kuiaga usiku kama mtu. Kuivua ilikuwa wakati wa kuoga tu, tena kwa shingo upande. Kwake ile ilikuwa rafiki.

Maoni yangu ni haya: furaha ile ya kwanza ni ya kweli, lakini ni furaha ya mtu aliyeambiwa nusu ya habari. Mtoto huambiwa kuwa saa inasema. Haambiwi kuwa inasikia.

Inasikiaje? Baadhi ya saa hizi huongozwa kwa programu iliyo katika simu ya mzazi. Mzazi akitoa amri, saa hupiga simu yenyewe bila mvaaji kujua, na yote yanayosemwa karibu na mkono wa mtoto humfikia aliye upande wa pili. Siku moja mama alimuuliza dada yangu kuhusu jambo alilomnong'onezea rafikiye njiani. Mtoto akaitazama saa, akanyamaza kimya. Tangu hapo huivua na kuitia ndani ya soksi kabla ya kusema neno. Rafiki amegeuka mpelelezi! Simlaumu mama, hurudi kutoka kazini usiku na roho yake haitulii. Lakini mtoto amejifunza nini? Amejifunza kuficha, si kujilinda.

Msidhani haya ni ya mtaani kwetu tu. Mwaka wa 2017 Baraza la Watumiaji la Norway lilikagua saa nne za watoto, likagundua kuwa baadhi yake zingeweza kuingiliwa na mtu baki, akajua mtoto alipo. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo, idara inayosimamia mawasiliano Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza kisiri, na wazazi wakaagizwa waziharibu. Nanyi walimu wetu, sikieni: idara hiyo ilieleza kuwa kuna wazazi waliokuwa wakizitumia kuwasikiliza walimu darasani! Kumbe sikio hilo halichagui. Humnasa mwalimu, rafiki, hata jirani aliyesimama tu kusalimia.

Kwetu Kenya, kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Hakikusema kila mtu mzima. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na zitumiwe kwa njia inayolinda haki na maslahi ya mtoto huyo. Vyema. Lakini msikilizaji akiwa ni mzazi mwenyewe, nani atamuuliza mtoto?

Wako watakaosema, "Mtoto akililia wembe, mpe." La hasha! Makali ya wembe yanaonekana. Ya saa hii yamefichwa. Wengine watasema dunia imeharibika, watoto wanapotea. Ni kweli kabisa, nami sisemi saa zitupwe. Mtoto akipotea njia ampigie mamake. Saa ionyeshe alipo, mradi anajua kuwa inaonyesha. Ninachokataa mimi ni sikio la siri.

Kwa hivyo wazazi, kabla ya kumfunga mtoto saa mkononi, mkalisheni kitako mumweleze yote inayofanya. Ikiwa ina uwezo wa kusikiliza kisiri, msiinunue. Tafuteni isiyo nao. Nasi wanafunzi wenzangu tusijitoe, kwa maana nyumba nyingi kazi ya kuwasha kifaa kipya huachiwa sisi. Tusome maelezo yake mpaka mwisho, kisha tumwambie mdogo wetu ukweli kwa lugha anayoielewa.

Akishaelezwa yote na bado akaifurahia, hapo nitakubali kuwa kipya hiki ni kinyemi, wala si kidonda.