Pimeni Damu ya Kobe wa Mindu

Kwa Mkurugenzi,
Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu,
Morogoro.

Ndugu Mkurugenzi,

Najua mezani kwako kuna mengi: mashamba yanayozidi kupanda milima ya Uluguru, tope linalojaa Bwawa la Mindu, nyumba zinazousogelea Mto Ngerengere. Hayo kila mtu anayaona. Mimi naandika kuhusu zebaki, ambayo haionekani.

Mkoa wetu una wachimbaji wadogo wa dhahabu. Zebaki huchanganywa na mchanga uliosagwa, ikanasa dhahabu, kisha huchomwa. Mvuke hupaa na kurudi na mvua mahali pengine; inayobaki kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga huo, husombwa hadi mtoni. Simlaumu anayetafuta riziki, maana wa kwanza kuuvuta mvuke huo ni yeye. Lakini zebaki ikifika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, na hii ikiingia mwilini haitoki upesi. Konokono na wadudu huliwa na samaki wadogo, samaki wadogo huliwa na kambale, na kila mlaji hubeba zaidi ya aliyeliwa. Ndiyo maana maji yanaweza kupimwa yakaonekana salama ilhali sumu imekwishajikusanya ndani ya viumbe.

Hapo ndipo ninapomtaja kobe wa majini. Anaishi miaka mingi, hula samaki, vyura na hata mizoga, na hutolewa damu kidogo akarudishwa majini akiwa hai. Chembe zake nyekundu za damu, tofauti na zetu, zina kiini. Kiini kikiharibiwa, vipande vilivyomeguka huonekana kwa darubini. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima damu ya kasa duvi, jamaa wa kobe anayeishi baharini, wa pwani yao: kadiri zebaki ilivyokuwa nyingi, ndivyo aina moja muhimu ya chembe nyeupe, zile za kupambana na maradhi, ilivyopungua. Kwa macho, mnyama kama huyo aweza kuonekana mzima kabisa.

Methili-zebaki hupita pia kwenye kondo la nyuma hadi kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Dunia ililijua hilo kwa machungu ya Minamata, Japani, ambako ugonjwa uletwao na sumu hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia mkataba wa kudhibiti zebaki unaobeba jina la mji huo. Ngerengere nao hauishii Morogoro. Huingia Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam kabla ya kumwaga maji baharini karibu na Bagamoyo.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeipa bodi yako jukumu la ubora wa maji ya bonde hili, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye madaktari wa wanyama, kiko mji huu huu. Naomba mshirikiane kupima tope, kambale na damu ya kobe: Mindu, kisha juu na chini ya mji, masika na kiangazi. Majibu yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za kata na pale wavuvi wanapoteremsha samaki, ili mama mjamzito wa kata ya Mindu ajue kambale gani anaweza kumla, na kwa kiasi gani.

Wako,
Mkazi wa Morogoro Mjini