Mwanga si Mionzi

Juzi, hapa Angurai, mwalimu mmoja aliniuliza kama tiba ya mwanga kwa saratani ya mifupa ndiyo ile mionzi ya Mulago. La hasha! Mgonjwa hupewa dawa inayojikusanya katika uvimbe. Ikimulikwa, dawa hiyo, kwa msaada wa oksijeni, huua seli. Lakini mwanga haupenyi mwilini zaidi ya sentimita moja hivi, hivyo mfupa sharti ufikiwe kwa upasuaji au sindano, na kwa saratani hizo tiba yenyewe ingali ya majaribio. Mionzi hupenya hadi ndani. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika, wagonjwa wakahangaika. Nasi wanalugha twaziita zote "miale"! Mgonjwa anayevuka mpaka Malaba atajuaje anakwenda kutibiwa kwa nini?